Kyubizimu haikuishia kwenye barakoa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nichangie makala ya hivi karibuni iliyodai kwamba kyubizimu, mtindo wa sanaa unaovunja vitu kuwa bapa na pembe, ni barakoa za Kiafrika zilizonakiliwa na mchoraji Pablo Picasso, na kwamba zaidi ya hapo haina jambo. Deni hilo lipo, wala si dogo, ila mwandishi wake ameishia mlangoni.

Ni kweli kwamba mwaka 1907, alipokuwa akihangaika na picha yake kubwa ya wanawake watano, Les Demoiselles d'Avignon, Picasso aliingia katika makumbusho ya Trocadéro mjini Paris na kukutana ana kwa ana na kazi za wachongaji wa Afrika. Lakini kuanzia mwaka 1908 yeye na mchoraji mwenzake Georges Braque, ambaye alikuwa amejifunza mengi kutokana na picha za mchoraji Paul Cézanne, waliiacha kanuni iliyotawala uchoraji wa Ulaya tangu karne ya 15, yaani kwamba mchoraji husimama mahali pamoja na kila kitu hupimwa kutoka hapo aliposimama. Katika picha ya Braque ya mwaka 1911 iitwayo Le Portugais, mpiga gitaa amevunjwavunjwa kuwa bapa za kahawia na kijivu, hata hujui bega linaishia wapi na ukuta unaanzia wapi; kisha juu yake zimepigwa herufi kwa stensili, kama za bango la mkahawani. Herufi hizo haziko mbali wala karibu. Ziko juu ya turubai tu, na zinamkumbusha mtazamaji kwamba anachokitazama ni kitambaa kilichopakwa rangi.

Tukirudi kwenye barakoa, mwandishi angetutendea haki zaidi kama angetaja ile ya Wagrebo wa Afrika Magharibi iliyokuwa mikononi mwa Picasso, ambayo macho yake ni vibomba viwili vilivyochomoza. Mwaka 1912 Picasso aliunda gitaa la kadibodi, na tundu lake la sauti, ambalo kwa kawaida ni shimo, akalifanya bomba linalotoka nje. Daniel-Henry Kahnweiler, aliyekuwa akiuza kazi zake, aliliona jambo hilo na kuliandika: mchongaji wa barakoa hiyo alikwisha kuonyesha kwamba alama inaweza kusimama badala ya kitu bila kufanana nacho. Kusema kwamba Picasso alinakili sura tu ni kumpunja mchongaji huyo, kwa sababu kilichochukuliwa kwake ni fikra.

Fikra hiyo ndiyo iliyosambaa. Mwaka huohuo wa 1912 Picasso alibandika kwenye picha yenye umbo la yai kitambaa kilichochapwa mfano wa ususi wa kiti cha henzirani, akaizungushia kamba halisi, na Braque akafuata kwa kubandika karatasi za ukutani. Msanii Vladimir Tatlin aliziona kazi za Picasso mjini Paris mwaka 1914, akarudi Urusi kuunda sanaa ya bati, mbao na waya. Mchoraji Piet Mondrian naye aliendelea kuuvunja mti katika picha zake hadi ikabaki mistari mitupu.

Nakuomba basi, Mhariri, utakapoirudia mada hii, uchapishe picha ya gitaa lile na ya barakoa ya Wagrebo ubavu kwa ubavu, tena kwa ukubwa unaowawezesha wasomaji kuona vibomba hivyo vyenyewe.

Msomaji wako,
Morogoro