Kip, kuhusu ile ploti ya Siaya

Kip,

Sasa ndugu yangu, Nakuru mko aje, watoto wamerudi shule? Huku ni salama tu, mvua imenyesha mpaka Nyalenda watu wanatembea na viatu mkononi, Mama Brayo amepata kasichana, na Wafula bado hajarudisha ile jenereta usiniulize. Najua nimenyamaza sana tangu utume ile nusu yako ya pesa ya ploti, na ndiyo maana naandika.

Broka ananipigia kila asubuhi, ati kule upande wa Rarieda kando ya ziwa bei itaruka mtambo wa nyuklia ukianza, tutajenga nyumba za kupangisha mainjinia, sijui nini na nini. Na ni kweli, tangu watu wa Uyombo kule Kilifi wakatae, sasa ni Siaya inayotajwa. Lakini nimekuwa nikisoma hii mambo usiku stima ikiwepo (hiyo ya kupotea potea ndiyo inanifanya nisipinge mtambo moja kwa moja) na nikaona sisi tunauliza bei, hatuulizi udongo.

Manake mlipuko wenyewe si kitu cha kunikosesha usingizi. Chernobyl kule Ukraine kinu kililipuka usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, na asubuhi yake watoto wa Pripyat, mji wa karibu, walikuwa nje wanacheza, hakuna aliyewaambia kitu. Kesho yake ndio mabasi yakaja, watu karibu 49,000, wakaambiwa wabebe vitambulisho na chakula kidogo, ni siku tatu tu. Siku tatu Kip! Mpaka leo hawajarudi. Na dunia ilijua tarehe 28 kwa sababu mitambo ya kupima mionzi ililia huko Sweden, si kwa sababu wenyewe walisema.

Sasa kwa ule moshi wa mionzi kuna iodini, hiyo nguvu yake inapungua nusu kila siku nane, inaisha haraka, lakini kabla iishe ilishuka kwenye nyasi, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa, na baadaye maelfu wakapata kansa ya tezi ya shingo. Maziwa tu. Halafu kuna sesiamu, ndiyo hii inanisumbua, inachukua miaka 30 kubaki nusu, na ingine 30 ibaki nusu ya hiyo nusu. Mmea unaivuta kama potashiamu kwa hivyo inaingia kwa chakula bila fujo, haina harufu, haina rangi. Mvua iliibeba mpaka Wales, zaidi ya kilomita 2,000, na wakulima wengine huko walikuwa bado wanapimiwa kondoo kabla ya kuuza mpaka 2012. Sijasema plutoniamu bado, hiyo ni miaka 24,000 kubaki nusu, sasa hiyo utamrithisha nani.

Broka atakwambia ile ilikuwa mitambo ya zamani ya Warusi. Sawa, kile kinu hakikuwa hata na ganda la zege la kuzuia moshi, nakubali, na vya siku hizi ni bora. Lakini Japani si watu wa kubahatisha, na 2011 tsunami ilifurika jenereta za Fukushima, maji ya kupoza yakakosa msukumo, vinu vitatu vikayeyuka ndani. Walichofanya baadaye ni kukwangua udongo wa juu wa mashamba na kuutia kwenye magunia meusi, sasa wana kama mita za ujazo milioni 14, na wameahidi kuutoa mkoani ifikapo 2045, kuupeleka wapi ndio maneno. Mafuta ya nyuklia yaliyoyeyuka ndani ya vinu ni kama tani 880 na mwaka 2024 walifaulu kutoa kipande cha kwanza, gramu 0.7! Na 2023 walivua samaki mmoja karibu na mtambo akapimwa bekereli (kipimo cha mionzi) 18,000 kwa kilo wakati kiwango chao cha juu ni 100. Hapo nikafikiria Dunga hapa ziwani, na omena tunayokula bila kuuliza ilitoka wapi. Japani angalau walimpima, huku nani atapima, na akipima atatuambia siku hiyo hiyo?

Hata sijui kama nakataa ploti. Pengine naogopa tu kununua kitu kisichohamishika mahali ambapo siku moja unaweza kuambiwa beba kitambulisho.

Hebu niambie, yule shemeji yako wa Olkaria anaonaje, au wao na umeme wao wa mvuke wanatucheka tu? Wewe ulisoma yale makaratasi ya broka ama ulisaini kwa simu? Tukirudi nyuma deposit inarudishwa au imekwenda? Na kama tukiipeleka pesa Molo bado kuna ile robo eka ya mzee Chege? Nijibu kabla ya Ijumaa, broka ameniambia kuna mtu mwingine na siamini lakini ananichosha.

Odhis