Vidonge vya magoti vinavyouzwa Kibuye vichunguzwe

Kwa Mhariri,

Ukifika soko la Kibuye hapa Kisumu siku ya Jumapili, hukosi mchuuzi mwenye kipaza sauti anayenadi vidonge vya "kurudisha mafuta ya magoti". Wateja wake wakubwa ni akina mama waliobeba magunia na kukalia vigoda miaka nenda miaka rudi. Nilimwona muuza omena akiweka gorogoro chini, akajiinua kwa kushika ukingo wa meza, kisha akafungua fundo la leso na kulipia mkebe mzima. Iliniuma sana.

Vidonge vingi vya aina hii husemwa vina glukosamini na kondroitini, viambato vinavyopatikana pia katika gegedu la viungo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, ulioshirikisha wagonjwa 1,583 wenye maumivu ya goti, ulionyesha kuwa kwa jumla havikushinda vidonge vitupu visivyo na dawa. Na waliomeza hivyo vitupu, asilimia 60 walipata nafuu! Ndiyo maana ushuhuda wa jirani hautoshi. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa magonjwa ya viungo nchini humo kiliwashauri wagonjwa wa magoti wasivitumie.

Vinavyonitisha zaidi ni vile vinavyoonekana kuponya ndani ya siku mbili. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu virutubisho vya viungo vilivyofichwa ndani yake diklofenaki (dawa ya maumivu) na deksamethasoni (dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe), bila kuandikwa kwenye mkebe. Ya kwanza huweza kuchoma tumbo na kuumiza figo. Ya pili hupandisha sukari na presha, na ukiizoea kisha ukaiacha ghafla unaweza kuzidiwa vibaya. Mama mwenye kisukari atajuaje?

Naomba Bodi ya Dawa na Sumu ichukue sampuli sokoni na kuzipima. Kaunti nayo iwafunze wahudumu wa afya ya jamii, ambao tayari hupita nyumba kwa nyumba, mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja: mtu aketi kitini, anyooshe mguu mmoja, aushikilie kidogo, aushushe polepole. Hayo hayana gharama na yamethibitishwa kupunguza maumivu. Kwa mwenye uzito mkubwa, kila kilo inayopungua hulitua goti mzigo wa takribani kilo nne katika kila hatua.

Na yeyote ambaye viungo vyake vimevimba, vina joto au hukakamaa kila asubuhi, asipitie kwa mchuuzi. Aende hospitalini moja kwa moja, kwa sababu baridi yabisi isipotibiwa mapema huharibu viungo kabisa.

Mkazi wa Manyatta,
Kisumu