Barua kwa mwanangu anayeanza uzamivu wa baiolojia ya saratani

Kirumba, Mwanza

Mwanangu Kabula,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku hatujambo, na mama yako anakusalimu. Andiko lako la uzamivu nimelisoma mara mbili, na kabla hujalipeleka kwa msimamizi nataka tulitazame swali lenyewe, maana hapo ndipo miaka minne ya mtu hupotelea.

Umeandika kwamba utatafuta jinsi malaria na kirusi cha Epstein-Barr vinavyoleta saratani ya Burkitt, ile ya seli nyeupe za damu, kwa watoto wa Kanda ya Ziwa. Mama, hilo ni swali la kizazi kizima. Daktari Burkitt aliuelezea uvimbe huo mwaka 1958 akiwa Uganda, kirusi kikaonekana kwenye seli zake mwaka 1964, na mpaka leo watu wanachimba. Karibu kila mtoto wa huku hupata kirusi hicho angali mdogo, ila wanaougua ni wachache mno. Chukua kipande unachoweza kukipima: je, DNA ya kirusi kwenye plazma, yaani maji ya damu yasiyo na seli, ikishuka baada ya duru ya kwanza ya dawa, inaonyesha nani atapona? Swali hilo lina mwanzo na lina mwisho.

Halafu hesabu wagonjwa kabla ya kuhesabu fedha. Omba ruhusa hospitali ya Bugando, upitie daftari la miaka mitatu iliyopita, uandike waliothibitishwa kwa biopsi tu, yaani kipande cha uvimbe kilichopimwa. Idadi utakayopata igawe kwa mbili. Wapo watakaofika wameshaanza dawa kwingine, na wapo watakaokosa kipimo cha pili kwa sababu ya nauli ya kutoka Ukerewe. Nauli hiyo iweke kwenye bajeti yako.

Kwenye damu ndiko nina hofu zaidi. Tumia chupa ya kifuniko cha zambarau, ya EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda. Ile ya kijani ina heparini, nayo huzuia damu kuganda, lakini huzuia pia PCR, kipimo kinachonakili DNA mpaka ionekane: mashine itakuonyesha kwamba kirusi hakipo, nawe utaandika kwamba mtoto anapona kumbe sivyo. Plazma itengwe ndani ya saa nne. Kirusi hiki hujificha ndani ya seli nyeupe. Damu ikikaa mezani seli hupasuka na kumwaga DNA yake, ukajikuta unapima ucheleweshaji wako badala ya ugonjwa. Sangara aliyepigwa jua pale soko la samaki la Mwaloni hata ukimfukia kwenye barafu jioni, ameshaharibika.

Zungusha damu kwenye mashine ya kutenganisha kwa nguvu ya 1,600 g (mara 1,600 ya mvutano wa dunia) dakika 10. Ukinyonya plazma kwa pipeti, bakiza kama nusu sentimita juu ya lile tabaka jeupe, wala usilifukuzie tone la mwisho. Tabaka hilo ndilo lenye seli. Plazma izungushe tena kwa 16,000 g dakika 10, ugawe kwenye vichupa vya mikrolita 500, kisha uvihifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Kila mgonjwa awe na vichupa kwenye majokofu mawili yaliyo majengo tofauti, maana umeme hukatika usiku pia. Kichupa kilichoyeyushwa kisirudishwe.

Vipande vya uvimbe viwe na unene usiozidi milimita 5, kwenye fomalini ya asilimia 10 yenye bafa, yaani chumvi za kuzuia asidi, ujazo mara kumi ya kipande. Fomalini isiyo na bafa huwa asidi na kukatakata DNA.

Kila sahani ya PCR iwe na kisima, yaani kishimo kimoja cha sahani, chenye maji tu mahali pa DNA. Kikionyesha kirusi, majibu yote ya sahani hiyo ni batili, hata yale uliyoyapenda. Mchanganyiko uandaliwe chumba kimoja, mazao ya PCR yafunguliwe chumba kingine, kwa koti jingine na pipeti nyingine.

Kibali cha maadili anza kukiomba sasa, cha chuo na cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na kama kuna sampuli itakayovuka mpaka, mkataba wa kuihamisha uwe tayari. Fomu ya ridhaa iandike kwa Kiswahili cha mtu aliyekesha wodini na mtoto. Mstari wa kwanza umwambie kwamba akikataa, mwanawe atatibiwa vilevile.

Jumamosi ukija, njoo na ile hesabu ya daftari tuipitie pamoja.

Baba yako