Mhariri, acheni kuhesabu miisho ya gemu

Mhariri, salaam.

Mi ni mfuatiliaji wa ukurasa wenu wa burudani na teknolojia na kuna kitu kinanikera, kila mkiandika kuhusu gemu ya hadithi, zile ambazo maamuzi yako yanabadilisha stori, lazima mtuambie ina miisho mingapi, utadhani mnatangaza ofa ya bando. Miisho mingi siyo hoja. Gemu inaweza ikawa nayo kibao na usijiulize chochote ukimaliza, nyingine ina miwili tu na unalala unawaza.

Chukua The Walking Dead ya kampuni ya Telltale, ile ya mazombi iliyotoka 2012. Unacheza kama Lee, jamaa aliyekuwa anapelekwa jela, afu unajikuta unamlea Clementine, katoto ka miaka 8 si wako. Sehemu ya kwanza tu, mko kwenye duka la dawa mjini Macon, mazombi yamevamia, kati ya wenzako wawili Doug kashikwa mikono dirishani na Carley kashikwa mguu, risasi zake ziko kwenye mkoba na hazifikii, unaokoa mmoja. Basi. Mwingine ndo kaenda. Sasa wajuaji watakwambia chaguo lile ni kiini macho kwa sababu yeyote uliyemuokoa anakuja kufa sehemu ya tatu, anapigwa risasi na mwenzenu Lilly pale barabarani, na ni kweli kabisa, njia zinaachana afu zinarudi kukutana. Lakini mi nasema so what, katikati hapo umekaa na mtu uliyemchagua wewe, umemzoea, na yule mwingine ulimuacha wewe, hakuna mtu aliyekuchagulia. Akija kufa inakuuma kwa namna ambayo isingekuuma kama ungekuwa unaangalia tu muvi.

Na hizo njia kukutana siyo uvivu jamani, ni hesabu. Kila uamuzi ukifungua njia mbili ambazo hazikutani tena, maamuzi 10 tu yanakupa miisho 1,024, na kila mmoja unataka waigizaji wa sauti, picha, mtu wa kuutesti. Nani ana hela hiyo? Ndo maana wengi wanafanya njia ziachane kidogo afu zirudi, ila gemu inabeba kumbukumbu ya ulichofanya. Hata Detroit: Become Human ya 2018, ambayo kila sura ikiisha inakutandazia mchoro wa njia zote ulizopita na zile ulizokosa, na mhusika mkuu akifa hadithi inaendelea bila yeye, nayo ina sehemu za lazima ambazo kila mtu anapita.

Kwangu mimi kazi iliyotulia ni Life is Strange ya 2015. Pale unacheza kama Max, binti anayeweza kurudisha muda nyuma, yaani umejibu vibaya unarudisha unajibu upya, ukadhani hiyo ndo inaua utamu wote. Subiri ufike kwa Kate, mwanafunzi mwenzake. Binti wa watu ameonewa shule nzima, yuko juu ya paa la bweni anataka kujirusha, na hapohapo uwezo wa Max unagoma. Huwezi kurudisha kitu. Sasa ndo unakumbuka, je ile simu yake ulipokea au uliipotezea kwa sababu ulikuwa unapiga stori na rafiki yako Chloe? Ile linki ya kumdhalilisha iliyoandikwa kwenye kioo bafuni uliifuta au ulipita tu? Chumbani kwake uliangalia picha za familia? Vitu vidogo ambavyo hakuna aliyekuambia ni mtihani. Hapo hata ungekuwa na mwisho mmoja tu gemu ingekuwa imeshakushika shati.

Kuna jambo lingine ambalo hamjawahi kuligusa na huku mtaani linatuumiza. Gemu za Telltale zina saa, mstari unapungua huku unasoma majibu manne ya kiingereza, ukichelewa gemu inahesabu umekaa kimya, na kimya nacho ni jibu, watu wanakuona una kiburi au unaficha kitu. Sasa mtu anayesoma kiingereza taratibu, tena kwenye banda la gemu, tv iko mbali, pedi imechoka, washkaji nyuma wanapiga kelele "chagua la juu! la juu!", huyo Lee wake anakuwa bubu na siyo kwamba aliamua kuwa bubu. Hadithi inaenda njia ambayo hakuichagua. Afu kesho akirudi anakuta dogo mwingine kaanza upya juu ya sevu yake, pale alipoishia pamefutika. Life is Strange angalau mara nyingi haikukimbizi, unasoma kwa raha zako.

Kwa hiyo mkiandika tena kuhusu gemu za namna hii tuambieni vitu vya msingi, ina saa au haina, na ikiwa nayo unaweza kuizima, maandishi yanasomeka ukikaa mbali, na ulichofanya mwanzo kinakufuata mpaka wapi. Na kama kuna mtu hapo ofisini kwenu kamaliza Detroit na Kara wake, mmoja wa wahusika wakuu, bado mzima aandike alifanyaje, ila mwisho asiutaje, mi bado niko katikati.

Mpenzi wa gemu,
Mbagala, Dar es Salaam