Barua kwa Mwanangu: Ukurasa wa Unayoyachukulia Kuwa Kweli

Shela, Malindi

Mwanangu Zuhura,

Waaleikum salaam. Ujumbe wako nimeupata, na babako nilimsomea mara mbili, maana mara ya kwanza alidhani umeajiriwa. Nikamwambia si kazi, ni mafunzo ya utafiti: mwanafunzi ambaye hata shahada ya kwanza hajamaliza anakaa na wahadhiri likizo nzima, anapewa swali ambalo jibu lake halimo kitabuni. Lako ni la usalama wa programu za kompyuta. Akauliza, "Programu itamuuaje mtu?"

Nikamtajia Therac-25, mashine ya mionzi ya kutibu saratani iliyotengenezwa Kanada. Kati ya 1985 na 1987 iliwapiga wagonjwa wasiopungua sita mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Mhudumu mwepesi wa vidole akisahihisha maandishi haraka, skrini ilionyesha hivi na mashine ikafanya vile. Mashine za kabla yake zilikuwa na vizuizi vya umeme vya kuukata mwale. Katika hii viliondolewa, ikaaminiwa programu peke yake. Babako akanyamaza.

Mimi lakini lililonikaa ni la Ariane 5, roketi ya Ulaya. Sisi wa Malindi roketi si hadithi ya mbali: Waitaliano walianza kurusha satelaiti hapo Ngomeni mwaka 1967, na ile ya NASA iliyopaa tarehe 12 Desemba 1970 ikaitwa Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu. Ariane 5 ya kwanza iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, tarehe 4 Juni 1996, na dakika haikuisha ikawa imesambaratika. Sehemu ya programu ya kuiongoza ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambako haikuwahi kuleta taabu. Ndani yake namba iliyohusu kasi ya kwenda pembeni ilihamishwa kutoka nafasi ya biti 64 hadi ya biti 16 (biti ni tarakimu moja ya kompyuta, 0 au 1), na humo namba kubwa kabisa inayoingia ni 32,767. Kwa mwendo wa Ariane 4 isingefika huko, wakaiacha bila kinga. Ariane 5 ilipita njia nyingine, kasi ya pembeni ikapanda upesi zaidi, namba ikafurika, kompyuta ikajizima. Ya akiba ilikuwepo, ila ilishajizima kabla yake kidogo, kwa kosa lile lile, maana zote mbili zilibeba programu moja. Nimesahihisha mitihani maisha yangu yote: watoto wawili walionakiliana jibu si mashahidi wawili. Na la kuudhi zaidi, hesabu yenyewe haikuwa na kazi yoyote tena baada ya roketi kuruka!

Basi nina ombi. Daftari lako la utafiti liwe na ukurasa wa mambo unayoyachukulia kuwa kweli. Namba hii haitapita ngapi? Nani kasema? Alisema kwa chombo kipi? Hesabu ya Ariane 4 haikuwa mbovu. Ilihamishiwa chombo kingine bila kupigwa upya. Hata programu ya zahanati iliyojaribiwa Nairobi inachukulia kwamba umeme upo na mtandao upo. Ipeleke Marafa uone.

Wala usione haya kuuliza la kitoto. Mwaka 1988 Barton Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliwapa wanafunzi wake zoezi la kuzilisha programu za Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta, herufi za ovyo ovyo, waone zipi zitaanguka. Kati ya robo na theluthi zilianguka au kukwama. Lilikuwa zoezi la darasa tu, na leo ni njia inayotumiwa na makampuni makubwa kusaka makosa. Ukijaribu usipate kosa, usiandike "programu ni salama". Andika ulijaribu nini, mara ngapi, na nini hukukigusa. Mhadhiri atakayekukasirikia kwa hilo, mimi sitamwelewa.

Nauli nimekutumia kwa simu. Swali ulilopewa nitumie kama lilivyo, kwa Kiingereza chake, nilisome kabla hujalirahisisha kwa ajili yangu.

Mamako