Nasaba ya mavyaa wako wa Réunion

Salma shoga yangu,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Barua yako nimeisoma. Naona nasaba ya mavyaa wako umeianzia baharini, unatafuta meli iliyotoka Kilwa. Huko utapotea. Ukoo wa Kikrioli wa Réunion, kile kisiwa cha Ufaransa katika Bahari ya Hindi, hufuatwa kinyumenyume, cheti kwa cheti, mpaka ufike 1848, mwaka watumwa walipoachwa huru.

Anza na cheti cha ndoa cha bibi yake, maana hicho kina mengi kuliko cha kuzaliwa: umri wa maharusi, walikozaliwa, majina ya wazazi wa pande zote mbili na kama wazazi hao wako hai. Omba nakala kamili kwa manispaa walikofunga ndoa, dondoo haitoshi. Hati za ndoa au za kuzaliwa zenye chini ya miaka 75 hawapewi watu baki, basi barua aiandike mavyaa mwenyewe. Jihadhari na mipaka: Cilaos, kwa mfano, ilikuwa ndani ya Saint-Louis mpaka 1965, kwa hiyo hati za zamani utazikuta Saint-Louis.

Hati za karne ya 19 zimewekwa bure kwenye tovuti ya ANOM, hifadhi ya nyaraka za makoloni iliyoko Aix-en-Provence. Unachagua kisiwa, manispaa, kisha mwaka, na unachopata ni picha za kurasa. Usihangaike kufungua moja moja. Tafuta kwanza faharasa za kila miaka kumi. Nakala hizo zipo Ufaransa kwa sababu amri ya Juni 1776 iliagiza hati za makoloni zinakiliwe na kupelekwa Versailles, makao ya mfalme. Bila amri hiyo, mchwa na vimbunga vingetuachia kidogo sana.

Sasa 1848. Tarehe 20 Desemba Sarda Garriga, kamishna aliyetumwa na serikali ya Ufaransa, alitangaza uhuru wa watumwa zaidi ya 60,000. Wengi hawakuwa na jina la ukoo, wakapewa na kuandikwa kwenye rejista maalumu. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Ndugu wa tumbo moja waliomilikiwa na mabwana tofauti waliweza kupewa majina tofauti, na watu wasiohusiana kabisa wakaangukia jina moja. Makarani nao waliandika walivyosikia. Usiunganishe watu kwa jina tu. Linganisha umri, mama, na nambari ya usajili ya utumwani ikiwapo. Pekua pia ndoa za miaka iliyofuata, maana wengi waliokuwa wakiishi pamoja walifunga ndoa na kuwatambua watoto wao wote katika hati ileile. Ukiipata hiyo, umepata nyumba nzima.

Kabla ya hapo humfuati mtumwa, unamfuata bwana. Aliyekufa na mali aliorodheshewa mirathi mbele ya notari, na watumwa wamo humo, jina, umri, asili na bei, jirani na ng'ombe na masufuria. Inachoma kuisoma. Asili ikiandikwa "Mozambique", usiichukue kuwa kabila: Mmakua, Myao na wengine waliingizwa humo, hata waliopitia Kilwa, ambako mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa Morice aliafikiana na sultani auziwe watumwa 1,000 kwa mwaka. Biashara ilipopigwa marufuku kuanzia 1817 iliendelea kwa magendo, na magendo hayaachi karatasi nyingi.

Usipomwona babu kwenye rejista za 1848, huenda alikuja baadaye kama kibarua wa mkataba. Hao wana rejista zao, ulizia hifadhi ya Saint-Denis. Cercle Généalogique de Bourbon, chama cha watafiti wa nasaba (Bourbon ni jina la zamani la kisiwa), nao wana wazoefu wa kazi hii.

Wazee waulize mapema, na usiulize majina ya vyeti peke yake. Waulize jina la nyumbani, alikozikwa nani, na kama ukoo una servis kabaré, ile ibada ya mababu yenye ngoma za maloya, muziki wa asili wa kisiwani. Huko majina ya waliotangulia hutajwa.

Cheti kikifika nipigie picha ukurasa mzima, pamoja na maandishi ya pembeni. Mwandiko wa makarani wale nitakusaidia kuusoma.

Wako,
Zuhura