Barua kwa Mwanangu: Upande wa Pili wa Santuri

Nakuru, Jumapili jioni

Mwanangu Akinyi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai hujambo na mvua ya Maseno haijakuchosha. Sisi huku hatujambo, ila goti langu la kushoto limerudia ukaidi wake tangu baridi ianze. Ujumbe wako niliusoma mara tatu, mara ya tatu kwa miwani. Unataka sanduku la santuri za baba yako, na unataka nikuandikie, wimbo baada ya wimbo, ile maana ya ndani aliyokuwa akinieleza. Ukaongeza kwamba mwenzako wa hosteli amekupa orodha: fisi ni fulani, nyani ni fulani, sungura ni fulani, na kwamba mtu akiwa na orodha hiyo nyimbo zote za D.O. Misiani, yule mwimbaji wa benga, zinafunguka zenyewe.

Sanduku nitalituma. Hiyo orodha yako ndiyo imenikalisha siku nne.

Kwanza ukumbuke unamwuliza nani. Mimi ni Mluhya wa Butere. Kijaluo changu ni cha sokoni na cha ukweni: najua kuuliza bei ya omena, kusalimia wazee, na kusema nimeshiba wakati bado. Miaka thelathini na zaidi niliyokaa na baba yako tulisemezana Kiswahili, ndiyo maana na wewe ukakua na Kiswahili, na sasa uko huko kwa kina baba yako ukijifunza lugha yao kwa tabu kama mgeni. Kwa hiyo benga, huo muziki wa gita wa Wajaluo, yote niliyoijua niliipata kwa mkono wa pili. Baba yako aliisikia kwa Kijaluo, mimi nikaisikia kwake.

Na ngoja nikueleze jinsi alivyokuwa akinieleza, maana bila hilo hutaelewa kitu. Hizo santuri ndogo za 45 utakazozipokea, upande mmoja unacheza dakika chache tu. Wimbo wa benga haukutosha humo. Basi waliukata: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Upande wa kwanza maneno ni mengi, mwimbaji anasimulia kisa chake, gita linamjibu. Upande wa pili mara nyingi sauti zinapungua, gita linapanda, besi inatangulia kama mtu anayejua njia, na watu wanainuka kucheza. Baba yako alisema gita hilo ni nyatiti iliyohamia mjini; nyatiti ya wazee ina nyuzi nane, na mpiga gita wa benga akizikwanyua nyuzi zake moja moja utadhani ni babu amekaa juu ya kigoda. Sasa upande wa kwanza ukiisha, lazima mtu asimame akageuze santuri. Ndipo nilipomwuliza, "Amesema nini?" Naye alinijibu akiwa amesimama, amenipa mgongo, santuri iko mkononi. Tafsiri zote za nyumba hii zilifanyika katika nafasi hiyo, na hazikuzidi dakika moja.

Mwaka wa mlolongo, 1988, tulikuwa tumepanga mtaa wa Bondeni, hapa Nakuru. Kura ya mchujo ya chama mwaka ule mtu alipigia kwa kusimama nyuma ya picha ya mgombea, kila jirani anakuona umesimama wapi. Chama kilikuwa kimoja kwa sheria tangu 1982, na baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti mwaka huohuo watu walijifunza kupunguza sauti hata wakiomba chumvi. Ukiwa na jina la Kijaluo ulipunguza zaidi. Chumba cha tatu kutoka kwetu alikaa kijana wa chama, wale waliovaa mashati mekundu, na kwa bahati mbaya kijana huyo alipenda benga kuliko mtu yeyote pale uani. Kila Jumamosi alikuja na kigoda chake.

Jumamosi moja ukapigwa wimbo wa wanyama, wala sikumbuki ulikuwa wa bendi gani. Upande wa kwanza ukaisha, nikauliza kama kawaida yangu. Baba yako akasema, "Fisi ameingia zizini, wenye mbuzi wamelala." Basi. Kijana wa chama akacheka mpaka akashika ubavu. Alipoondoka, baba yako akafunga mlango akaniambia fisi yule ni nani, zizi ni lipi, na mbuzi ni kina nani. Mimi nikajiona mwerevu. Shuleni tulifundishwa fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua, nikasema, "Maskini, yule kijana amechekea fisi tu." Baba yako akanitazama kwa huruma kidogo. "Yule ameelewa kabla yangu. Hukuona alivyocheka?"

Nilichukua miaka kulielewa jibu lile. Nilidhani fumbo ni la kumficha mkubwa asijue. Kumbe mkubwa alijua, na kijana wake alijua. Fumbo lilimpa kila mmoja pa kusimama: mwimbaji akiulizwa atasema nimeimba fisi, kijana akiulizwa kwa nini alicheka atasema nilichekea fisi, na mimi nikiulizwa, mimi ni Mluhya, sijui Kijaluo. Ngero, ndivyo wanavyoyaita mafumbo kama hayo huko uliko. Nadhani umeshalisikia neno hilo.

Hata hivyo kuna waliobanwa. Misiani mwenyewe aliwahi kutiwa ndani kwa ajili ya nyimbo zake, na kwa kuwa alikuwa mzaliwa wa Shirati, upande wa Tanzania, mpaka nao ulikuwa fimbo ya kumtishia. Kwa hiyo usije ukadhani lilikuwa jambo la mchezo.

Sasa ile orodha ya mwenzako. Sina ugomvi naye, ila fisi wa benga hakupewa kazi ya kudumu. Nyimbo zilezile tulizozicheza tukimfikiria mtu mmoja enzi za chama kimoja, 2003 watu walizicheza upya na fisi akawa amebadilisha koti, ametoka katika serikali tuliyoipigia kura wenyewe kwa vifijo. Santuri haikubadilika hata mkwaruzo. Au chukua Bim en Bim ya Misiani. Maneno ni mepesi, nyani ni nyani. Mara ya kwanza niliposikia, mimi nilikimbilia nyani wetu wa Kiswahili, yule asiyeona kundule, nikasema ahaa, anamsema mtu anayecheka wenzake na yeye hajijui. Baba yako akasema hapana, huyo ni nyani wa pwani, wetu ni wa shambani, yule anayejulikana na kila mwenye mahindi. Kila lugha ina nyani wake, Akinyi. Ukimtafuta nyani wa Misiani kwenye orodha ya majina ya wanasiasa utampata, sikatai, lakini utakuwa umempata mmoja, na bim wako wengi.

Jambo jingine. Msiwe wepesi wa kuona siasa kila mahali, nyinyi wasomi. Utasikia mwimbaji anataja majina ya watu katikati ya wimbo, fulani mwana wa fulani wa mahali fulani. Usikae usiku kucha ukitafuta siri. Mara nyingi huyo ni rafiki yake, au mtu aliyelipia soda za bendi, au shemeji mwenye lori. Kusifiwa katika santuri ilikuwa heshima kubwa, na wenye uwezo waliitafuta. Baba yako alikuwa na binamu aliyetajwa mara moja, nusu sentensi, na hilo lilimtosha mpaka kaburini.

Nimefika kwenye ile sehemu iliyonichelewesha siku nne.

Katika sanduku kulikuwa na santuri moja ambayo lebo yake imefutika, maji yaliiingia. Si ya Misiani, sauti si yake. Bendi sijui ni ipi. Mwaka wa 1994 baba yako alipunguzwa kazini. Kaka zako walikuwa wadogo, wewe hujazaliwa. Mimi sikujua. Kila asubuhi alivaa ovaroli, akachukua kopo la chakula, akatoka, na jioni akarudi na kopo limeoshwa. Hivyo kwa wiki saba. Mimi nililalamikia tu kwamba siku hizi anaosha kopo vizuri kuliko zamani.

Usiku mmoja, watoto wamelala, akawasha kinanda cha santuri kwa sauti ya chini akaweka ile santuri. Upande wa kwanza ukaisha. Akasimama. Nikauliza, "Amesema nini?"

Akakaa kimya kidogo, mgongo kwangu. Kisha akasema, "Ni habari ya mtu mmoja. Kazi yake imekwisha, lakini kila siku anatoka nyumbani na kopo la chakula. Anakaa chini ya mti mpaka jioni. Hajui amwambie mkewe vipi."

Nikasema, "Masikini. Kwani mke wake ni mkali?"

"Hapana. Si mkali."

"Sasa mbona asimwambie?"

Akageuza santuri. "Anamwambia upande wa pili," akasema, akashusha sindano.

Nikangoja maneno. Lilikuwa gita, mwanangu. Gita tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, hakuna hata mtu aliyekohoa. Nilikaa pale nikisubiri huyo mtu aseme na mkewe, na lile gita likazidi kupanda, mpaka nikainua macho nikamwona baba yako bado amesimama pale kwenye kinanda, hajarudi kukaa, ameshika ukingo wa meza. Basi nikajua. Nikaenda jikoni nikachemsha chai. Nikamwekea sukari tatu. Asubuhi yake hakuvaa ovaroli, nasi tukaanza kufikiria ile biashara ya mitumba unayoijua.

Hatukuizungumzia tena. Miaka mingi baadaye, shangazi yako alipokuja kunisaidia ulipozaliwa, alikuta santuri hiyo akaicheza, akaanza kuimba nayo huku akikubembeleza. Nikamwambia, wimbo huo ni wa huzuni sana. Akashangaa. "Huzuni ya wapi? Huyu anamsifu msichana wa Asembo mwenye mwanya. Anasema akicheka hata samaki wanatoka majini kumtazama." Nilicheka mpaka akafikiri nimepatwa na kitu. Baba yako aliporudi jioni sikumwambia. Nilimpikia samaki.

Sasa niambie wewe, msomi wangu, kwenye karatasi yako hapo niandike nini?

Ninachofanya ni hiki. Nimekata makaratasi, kila bahasha ya santuri nimeipa moja. Mstari wa juu nimeandika alichoniambia baba yako, na mwaka ninaoukumbuka. Mstari wa chini nimeuacha wazi. Huo ujaze wewe, ukishajua lugha, au ukimpata mzee wa huko anayekumbuka. Mistari hiyo miwili isipofanana usifute wa juu. Nyingine nimeandika mara mbili, kwa sababu alinipa maana moja mgeni akiwepo na nyingine mgeni akiondoka. Mbili tatu nimeandika "alicheka tu, hakusema".

Zitunze. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, tulipokimbilia uwanja wa maonyesho, mimi nilikubeba wewe, na baba yako, badala ya godoro, alibeba sanduku hilo. Nilimgombeza njia nzima. Tulilala chini siku kumi na moja, na wewe ulilala kichwa kikiwa juu ya santuri za Shirati Jazz, bendi ya Misiani. Misiani mwenyewe alikuwa ameshafariki, Mei 2006, ajali ya barabarani hapo Kisumu. Siku ile baba yako hakufungua kibanda. Ulikuwa na miaka minne, ulimwuliza analia nini, akakuambia ni vumbi la mitumba.

Sanduku litakuja na basi la Jumatano asubuhi. Mwambie kondakta asililaze na asiliweke upande wa injini, joto linazipinda. Zisimamishe kama vitabu. Sindano ya kinanda imekwisha makali, ukienda Kisumu ulizia kwa mafundi wa redio, ukipata nunua mbili.

Ile ya lebo iliyofutika sijaitia sandukuni. Ukija Desemba tutaisikiliza hapa, mimi na wewe. Nitasimama niigeuze mimi, na nitakutafsiria. Najua kufikia wakati huo Kijaluo chako kitakuwa kimenipita mbali. Usinisahihishe.

Mama yako